Darasa la watoto 120: mwalimu mpya aanzie wapi

Ukipangiwa shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa Dar es Salaam, kule Chanika, Majohe au Mbagala, usishangae kukuta mkondo mmoja una watoto 120 wakati mwongozo unataka 45 kwa mwalimu mmoja. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliongezeka haraka kuliko vyumba. Hilo huwezi kulitatua wewe.

Piga hesabu kwanza. Kipindi cha dakika 40 ni sekunde 2,400. Gawa kwa 120, kila mtoto ana sekunde 20, na hapo hujaandika hata neno ubaoni. Madaftari, kwa dakika moja moja, ni saa mbili kwa mkondo mmoja. Anayejiapiza kumfikia kila mtoto kila siku huishia kupiga tiki bila kusoma. Lenga kumfikia kila mmoja mara moja kwa wiki.

Kitengo chako kiwe dawati, si mtoto. Dawati la watatu likikaliwa na watano, una madawati 24. Yape namba. Mahudhurio yachukuliwe na kiongozi wa dawati, maana kuita majina 120 kunakula dakika sita hivi. Kila siku sahihisha kwa makini madawati matano, Ijumaa manne. Waliobaki wabadilishane madaftari na kusahihisha kwa majibu ya ubaoni. Kwenye daftari lako andika aina ya kosa, si alama. Aliyeandika 52 − 27 = 35 hakukosea kwa uzembe: ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu hajajua kuchukua kumi. "Alama 4 kati ya 10" haikuambii hivyo.

Jihadhari na "Mmeelewa?" Ile "Ndiyooo, mwalimu!" huanzishwa na wachache wa mbele, wengine wanadandia. Badala yake andika ubaoni majibu matatu ya 52 − 27: (1) 25, (2) 35, (3) 79. Wafumbe macho, kila mmoja aoneshe kidole kimoja, viwili au vitatu mbele ya kifua. Majibu ya uongo yawe na maana: 35 ni yule asiyejua kuchukua, 79 amejumlisha. Wakioneshea viwili wengi, fundisha upya. Wakiwa kumi, wape wengine zoezi, uwatoe hao kumi kibarazani kwa dakika kumi, ukisimama mlangoni uone pande zote mbili. Ndani hamna nafasi hiyo.

Makundi ya kusoma yapange kwa kiwango: silabi, maneno, aya, hadithi. Pima kwa dakika moja kila mtoto, madawati mawili matatu kwa siku, hadi yaishe. Majina ya makundi yasifichue kitu. Ukiita moja Nguru na jingine Dagaa, watoto wataelewa kabla hujamaliza sentensi. Panga upya kila baada ya wiki nne, maana kundi la silabi lisipopangwa upya hugeuka kifungo. Wanaojua wasaidie, lakini si kila kipindi. Nao wana yao ya kujifunza, na mara nyingi "kusaidia" kwao ni kumpa mwenzao jibu. Dawa yake ni maswali ya seti A na B, waliokaa jirani wasipate seti moja.

Acha njia pana kiasi cha mabega katikati ya safu, uweze kupita. Mtoto wa kona ya ukutani hufikiki, na asiyejua kusoma hupenda kukaa huko. Kila Jumatatu wa ukutani ahamie njiani. Herufi za ubaoni zipime kwa kwenda kukaa dawati la mwisho uzisome mwenyewe.

Masika, Machi hadi Mei, mvua ikianza kugonga bati sauti yako haivuki dawati la pili. Usishindane nayo. Kuwa na bango la manila lenye mazoezi yaliyokwisha andikwa, libandike, kisha upite na kalamu kwenye madawati ya zamu ya siku hiyo.