Usinunue kabureta kabla hujapima taimingi

Mkuu wa Nachingwea, subiri kwanza. Umeandika kwamba Corolla yako KE70, injini 4K ya kontakti (zile pointi zinazokata umeme ili cheche itoke), imekuwa nzito kupanda Newala ukitokea Masasi, inakunywa mafuta, inapiga mafataki kwenye ekzosti, na fundi amekwambia ununue kabureta, ukishaifunga yeye ataweka taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa sikio. Unauliza uchukue kabureta mpya ya dukani au ya mtumba, utaokoa mafuta kiasi gani, na kama kuifunga ni kazi ya kufanya mwenyewe nyumbani.

Hela hiyo irudishe mfukoni. Taimingi kwanza, kabureta baadaye, na taimingi haiwekwi kwa sikio. Nasema kwa ukali kwa sababu mpango huo huo uliopewa wewe ndio nilioukubali mimi, na uliishia kwenye pistoni mbili, gasketi ya silinda hedi na kuishusha injini yote.

Dalili ulizotaja ni za cheche iliyochelewa kabla hazijawa za kabureta. Cheche ikichelewa, moto unawaka wakati pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inapotea, na mwako unaendelea hadi valvu ya kutolea moshi inafunguka. Ndiyo maana ekzosti inapata joto kali, injini inachemka mlimani na unalazimika kukanyaga mafuta zaidi kupata mwendo ule ule. Na gari la kontakti linachelewa lenyewe bila mtu kuligusa: kile kidole cha plastiki kinachosuguana na kemu ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, kinalika, gepu (uwazi) ya pointi inapungua, na pointi zinafunguka nyuma ya wakati wake. Kabureta inalaumiwa kwa kuwa ndiyo inayoonekana ikiwa imelowa.

Sasa sikiliza jinsi injini inavyouawa, maana hapa ndipo ulipo wewe leo. Fundi anafunga kabureta mpya. Mara nyingi mojawapo ya haya linatokea: gasketi ya chini haikukaa vizuri, au kuna bomba dogo la vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ambalo kabureta ya zamani ilikuwa nalo na mpya haina pa kulichomeka, likaachwa wazi. Hewa inaingia kwenye manifodi, njia ya kuingilia silinda, bila kupita kwenye kabureta. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka, gari linataka kuzima. Fundi badala ya kutafuta hewa inakoingilia, analegeza boliti ya distributa na kuizungusha mbele mpaka injini ichangamke. Inachangamka kweli! Sailensa inapanda, mtetemo unaisha, ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama linaitika kama jipya. Unalipa, unashukuru, unaondoka.

Lakini injini isiyo na mzigo haiwezi kukuonyesha kwamba umeisogeza mno. Kwenye sailensa silinda zinapata hewa kidogo, shinikizo ni dogo, hata cheche ikiwahi nyuzi 20 za mzunguko wa krenki hakuna kinachovunjika. Pakia watu wanne na magunia mawili ya korosho, kanyaga mafuta kupanda mlima kwa gia ya tatu, hapo silinda zinajaa. Moto unaanza mapema, shinikizo linapanda pistoni ikiwa bado inapanda, na sehemu ya mchanganyiko iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kwa kishindo. Unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Ukiwa na mchanganyiko mwepesi kwa sababu ya ile hewa ya wizi, joto linazidi. Ukiwa umejaza petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa, linazidi tena, kwa kuwa mafuta ya taa yanaipunguzia petroli uwezo wa kuvumilia shinikizo. Kingo za pistoni zinazoshika ringi zinakatika, au kichwa cha pistoni kinatoboka. Na ukiwa na redio na madirisha wazi, hutasikia kitu hadi moshi wa bluu uanze kutoka nyuma.

Aliyenifanyia mimi hakuwa na taa ya taimingi wala filagaji ya kupimia gepu. Nilipomuuliza alipima na nini, alisema ana miaka mingi kwenye kazi. Kuna mafundi wazuri sana Lindi na Mtwara, nawaheshimu, na kila mmoja wao nimemwona akitoa filagaji mfukoni kabla hajashika bisibisi. Asiyepima anakisia kwa injini ya mtu mwingine. Na aliyeniuzia kabureta aliniapia kuwa ni "kufunga na kuondoka". Hakuna kabureta ya hivyo, mkuu.

Fanya hivi, na uufuate mpangilio huu, kwani kila hatua inabadilisha inayofuata.

Anza na plagi na kontakti. Plagi za mfumo wa kontakti weka gepu ya milimita 0.8. Fungua kofia ya distributa, zungusha krenki kwa spana kwenye boliti ya puli mpaka kile kidole cha plastiki kikae juu kabisa ya pembe ya kemu, kisha weka gepu ya pointi milimita 0.45. Pointi zikiwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, badilisha pamoja na kondensa. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu, kiasi cha punje ya mchele. Gepu lazima iwe sahihi kabla ya taimingi: ukiipanua baadaye umeisogeza cheche mbele, ukiibana umeirudisha nyuma, na kazi yote inaharibika.

Kisha tafuta silinda namba 1 ikiwa kwenye kompresheni. Namba 1 ni ile ya upande wa feni. Toa plagi yake, ziba tundu kwa kidole, zungusha krenki kuelekea saa inakozunguka ukiwa umesimama mbele ya gari. Hewa ikikisukuma kidole, hiyo ndiyo kompresheni. Endelea polepole mpaka alama ya puli ifike kwenye nyuzi zinazotakiwa. Krenki inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa distributa, kwa hiyo alama itapita pale mara mbili na moja kati ya hizo ni ya uongo. Rota, kile kinachozunguka chini ya kofia ya distributa, lazima ielekee waya wa plagi namba 1. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, fuata upande rota inakozungukia.

Nyuzi ngapi? Soma kibandiko chini ya boneti au kitabu cha injini yako. Injini nyingi za K za kontakti ziko kati ya nyuzi 5 na 10 kabla ya kilele, yaani kabla pistoni haijafika juu kabisa. Usichukue namba ya gari la jirani.

Huna taa ya taimingi? Balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili inatosha kuanzia. Waya mmoja kwenye upande wa hasi wa koili, ule unaokwenda kwenye distributa, mwingine kwenye bodi. Washa swichi. Legeza boliti ya distributa, izungushe kuelekea rota inakozungukia mpaka balbu izime, maana yake pointi zimefunga. Sasa irudishe taratibu upande wa pili. Papo hapo balbu inapowaka, simama, kaza. Usiache swichi imewashwa muda mrefu pointi zikiwa zimefunga, koili inaungua.

Taa ya taimingi ni bora zaidi, na ukiweza kuazima, azima. Chomoa mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distributa na uuzibe kwa boliti ndogo. Watu wanasahau hapa, halafu wanasoma nyuzi za vakyumu wakidhani ni taimingi. Paka alama ya puli chaki nyeupe, kilipu kwenye waya namba 1, sailensa iwe chini, karibu mizunguko 750 kwa dakika, ili vile vyuma vya uzito ndani ya distributa visiwe vimeanza kufunguka. Soma. Kisha ongeza mafuta: alama lazima ihame mbele yenyewe na irudi ukiachia. Isipohama, vyuma vimekwama. Alama ikirukaruka bila kutulia, bushi ya distributa imelika au cheni ya injini imelegea, na hakuna kabureta itakayotibu hilo.

Watu wa pwani, Mikindani mpaka Kilwa, hili la vyuma vya uzito lichukulieni kwa uzito wake. Hewa ya chumvi inaingia humo ndani, springi zinashika kutu, na gari linakuwa zuri kwenye sailensa lakini halina roho barabarani. Ondoa ile bamba ya pointi, safisha, tia tone la oili. Shika rota kwa mkono, ipindishe upande inakozungukia, iachie: lazima irudi yenyewe kwa springi. Angalia pia ndani ya kofia. Mistari myeusi myembamba kama unywele kati ya shaba na shaba ni njia ya cheche kutoroka, na asubuhi yenye unyevu gari litamisi, cheche zikikosakosa, mpaka injini ipate moto. Vuta kwa mdomo ule mpira wa vakyumu: bamba la pointi lisogee na libaki limesogea ukiziba kwa ulimi. Likirudi, kiwambo kimetoboka, na hapo pia hewa inaibiwa.

Fanya haya yote, kisha panda mlima wako. Kuna uwezekano mkubwa hutaniuliza tena habari za kabureta.

Kama bado gari zito, sasa ikague kabureta ilipo. Shika mhimili wa ile sahani ya mafuta, inayofunguka ukikanyaga mafuta, utikise juu na chini. Mhimili ukicheza waziwazi, hewa inaingia pembeni na hiyo imekwisha kweli. Angalia kile kioo kidogo ubavuni: petroli iwe katikati ya alama. Ikiwa juu, boya au sindano haifungi, na petroli itakuwa ikidondoka ndani ya koo hata injini ikiwa imezimwa. Hilo linatibika kwa seti ya vifaa vya matengenezo, gasketi na sindano mpya. Waya wa ile soleniodi ya sailensa (valvu ya umeme inayofungulia petroli ya sailensa), kama yako inayo, upate volti 12 swichi ikiwa imewashwa. Usipofika umeme injini haikai sailensa hata kwa kabureta mpya kabisa, na nimeona watu wakirudisha dukani kabureta nzima kwa sababu ya waya huo.

Ukilazimika kubadilisha, ya mtumba ya injini ile ile isiyocheza mhimili naiamini kuliko nakala mpya ambayo mabomba yake hayalingani. Toa hasi ya betri. Piga picha kila mpira kabla ya kuuchomoa. Nati nne za chini ni spana 12. Ukishazitoa, ziba tundu la manifodi kwa kitambaa mara moja, kwa sababu nati ikidondoka mle utafungua hedi. Kile kipande kinene cha bakelaiti kati ya kabureta na manifodi usikitupe. Kwenye 4K manifodi ya kuingizia na ya ekzosti ziko upande mmoja, joto linapanda, na bila hicho kipande petroli inachemka ukizima gari juani, linakataa kuwaka. Gasketi mpya juu na chini yake. Usipake silikoni: petroli inailainisha, vipande vinaingia kwenye jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli. Kaza kwa kupishanisha, taratibu, bakelaiti inapasuka. Mpira wa vakyumu wa distributa uende kwenye kile kitundu kilicho juu kidogo ya sahani ya mafuta, kisichovuta kwenye sailensa. Kila kitundu kingine kisicho na kazi, kizibe. Hakikisha springi inairudisha sahani mpaka mwisho kabla hujaingia barabarani.

Skrubu ya mchanganyiko ifunge polepole mpaka iguse, usiibane, kisha fungua mizunguko 2. Injini ikipata moto, tafuta mahali inapozunguka kwa kasi zaidi, kisha shusha sailensa kwa skrubu ya mafuta. Halafu, na hapa ndipo mimi nilipoachwa, chomoa tena mpira, uzibe, usome taimingi upya kwa taa. Injini ikitetemeka, distributa isiguswe. Pulizia maji kidogo kwa chupa ya dawa ya mbu kuzunguka kitako cha kabureta na gasketi za manifodi, mbali na nyaya na kofia ya distributa. Mlio ukibadilika, umepata hewa inakoingilia. Usitumie petroli kwa kipimo hicho, ekzosti iko pale pale chini.

Kwenye mlima wa kwanza zima redio. Ukisikia kokoto, achia mafuta, rudi gia ya chini, na ukifika kwenye kivuli rudisha cheche nyuma nyuzi 2. Leo jioni toa kofia ya distributa, pima gepu kabla hujasogeza chochote, uandike hapa umekuta milimita ngapi. Na yule fundi mwambie asubiri.