Jibu: Tiketi za Galerie Dior Paris zinaonyesha zimejaa, nifanyeje?

Mambo dada, umesema uko Paris siku tatu na kila ukifungua ukurasa wa tiketi za Galerie Dior (yale makumbusho ya mavazi ya Dior) siku ya Jumanne hakuna kitu. Kwanza angalia hiyo siku yenyewe, Jumanne wanafunga, kwa hiyo wala hazijajaa. Badilisha siku, halafu jaribu nafasi za mwanzo kabisa za siku, maana tiketi zina muda wake wa kuingia, mimi yangu niliipata usiku nikiwa nimeshakata tamaa, nadhani mtu aliiachia.

Pili mlango. Mimi nilizunguka kama mjinga nikaingia duka la Dior, 30 avenue Montaigne, kumbe maonyesho unaingilia upande wa pili wa jengo, 11 rue François 1er. Metro shuka Franklin D. Roosevelt au Alma-Marceau, unatembea kidogo tu.

Ndani usikimbilie picha za zile ngazi zenye vigauni vidogo vya rangirangi (watu wanabanana hapo balaa), tafuta koti la “Bar” la 1947, lile koti maarufu la kike la Christian Dior, kile kiuno jamani, fundi wangu wa Kariakoo angelia. Bei cheki tovuti yao, zinabadilika.