Titani ya chembe ndogo haitaki kusuguliwa

Juzi kijana wa Igoma kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeletewa fimbo ya titani, wanasema chembe zake za ndani zimefanywa ndogo ili iwe imara. Niikereze kama ile ya kawaida?"

Marahaba mdogo wangu. Swali hilo mimi sikumuuliza mtu.

Hapa Nyakato, Mwanza, nimekereza shafti za boti za Mwaloni miaka mingi, nikajiona nimeshamaliza vyuma vyote. Akaja mtafiti na fimbo mbili za titani tupu, unene milimita 12: moja ya kawaida, nyingine imesukumwa mara kadhaa kwenye tundu lenye kona kali. Unene wake haukubadilika, ila chembe zilivunjikavunjika hadi zikawa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe zikiwa ndogo mipaka kati yake huwa mingi, na mipaka hiyo huzuia chuma kuteleza ndani kwa ndani. Mwanasayansi Hall aliliandika hilo mwaka 1951, mwenzake Petch akafuatia 1953. Yule mtafiti alitaka nimtengenezee vipande vyenye shingo nyembamba, akavivute mpaka vikatike.

Ya kawaida ilitoka salama. Ya pili nikaweka mizunguko 2,000 kwa dakika na kisu kilekile kilichokwisha makali. Chenga zikatoka za buluu. Nilipofika shingoni nikasimamisha kisu kidogo nipime, huku fimbo inazunguka. Pakabaki alama ya kung'aa, nyembamba kama unywele. Kipande kilikatikia hapohapo, mapema kuliko kile cha kawaida. Mteja hakunigombeza. Alichukua fimbo iliyobaki akaenda nayo kwingine, na mpaka leo inaniuma.

Sikiliza basi. Titani hupitisha joto kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya alumini, kwa hiyo joto hukaa kwenye ncha ya kisu. Hii yako ni ngumu zaidi, kwa hiyo kisu kitasukumwa zaidi. Na ikipata moto sana chembe hukua tena. Ule uimara mteja aliolipia utakuwa umeupoteza wewe. Kisu kiwe kikali, kipya kabisa. Kwa unene wa milimita 12 anza na mizunguko kama 1,000 kwa dakika, maji ya kupozea yamwagike bila kukatika. Kisu kiwe kinakata au kiwe mbali, kisisugue hata sekunde moja. Nasema tena: kisu kikali!

Jambo ambalo wengi hawalijui: chembe ndogo zinaongeza nguvu, lakini fimbo bado hupinda kirahisi, karibu mara mbili ya chuma cha pua. Ishike na upande wa pili. Ukitulia, uso utatoka laini kuliko wa titani ya kawaida, nimeuona kwa macho yangu mwezi uliopita. Vijana mnakimbilia mwendo wa mashine, hamsikilizi mlio wake. Acheni hiyo.

Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Chenga nyembamba zikiwaka, usimwagie maji.

Kile kipande kilichokatika ninacho bado, kipo dirishani juu ya mashine. Pitia ukione kabla hujawasha ya kwako.