Dawati la Picha: Michezo ya shule, maturubai ya bluu na majina yanayokosewa

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, ukikaribia, barua nyingi hutoka kwa wapigapicha chipukizi wa mikoani wanaolipwa na magazeti kwa picha. Safari hii tumejibu sita.

Shikamooni wakubwa zangu. Nina kamera ya Canon 700D, lenzi ya 18-55 na ya 55-250. Gazeti limenipa kazi ya kufuatilia mashindano ya shule mkoani kwetu. Picha za mpira zinatoka na ukungu, na mara nyingi naambulia migongo ya wachezaji. Nijikusanye ninunue lenzi kubwa?
*Msomaji, Songea*

Marahaba. Pesa ya lenzi iache kwanza. Hiyo 55-250 inatosha kabisa kwa uwanja wa shule wenye jua. Una matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Ukungu unatokana na kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga (1/250 ni sehemu moja ya 250 ya sekunde). Kwenye 1/250 kiwiliwili hutulia, lakini mguu unaopiga na mpira wenyewe hutoka na ukungu. Zungusha gurudumu kwenye Tv (wewe unachagua kasi ya shata), weka 1/1000, na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400 jua likiwa kali. Kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni panda hadi ISO 1600, na giza likizidi shuka 1/640, si chini ya hapo. Usiogope chembechembe za ISO: kwenye karatasi ya gazeti hazionekani sana, ukungu ndio unaoonekana. Kisha hamisha fokasi kutoka One Shot kwenda AI Servo, inayomfuata mtu anayesogea, na uchague nukta moja ya katikati. One Shot hufunga fokasi pale ulipobonyeza nusu, na hadi ukimaliza kubonyeza mchezaji ameshasogea. Piga JPEG pia. Ukipiga RAW (mafaili makubwa yasiyobanwa kama JPEG) mfululizo, kumbukumbu ya ndani ya kamera hiyo hujaa baada ya picha chache tu, halafu inagoma wakati mpira unaingia wavuni.

Migongo ni suala la mahali unaposimama. Anayetembea pembeni akiufuata mpira anakuwa nyuma ya tukio dakika zote tisini. Kaa kati ya kibendera cha kona na goli, mita mbili au tatu nyuma ya mstari, upande ambao timu unayoitaka inashambulia. Washambuliaji watakuja wakikutazama. Mechi za jioni chagua upande wa magharibi, jua likupige mgongoni wewe na usoni wao. Piga goti au keti chini: kamera ikiwa usawa wa kiuno, mchezaji anaonekana mrefu na nyuma yake unapata wanafunzi wanaoshangilia chini ya miembe badala ya nyasi tupu. Kipindi cha pili usihame, timu nyingine itakujia yenyewe. Goli likifungwa usiinamie kioo kuangalia ulichopata. Mpira wa shule una raha yake: sekunde kumi zinazofuata nusu ya shule iko ndani ya uwanja, na mara nyingi picha ya ukurasa wa michezo ni hiyo, si shuti lenyewe.

Ratiba ikikupa soka na netiboli kwa pamoja saa sita mchana, nenda netiboli. Jua la utosini huchimba vivuli vyeusi machoni kwa mchezaji wa soka anayetazama chini. Mfungaji wa netiboli anatazama juu, kwenye ringi iliyo mita 3.05 kutoka ardhini, kwa hiyo uso wake wote unapata mwanga. Isitoshe, kanuni zinakusaidia kujiandaa: akishika mpira ana sekunde 3 tu za kuutoa, na mlinzi lazima awe umbali wa mita 0.9. Kati yao kuna nafasi, mkono wa mlinzi umenyooka juu, mpira umeinuliwa. Simama nyuma ya mstari wa goli, kando kidogo ya nguzo, la sivyo fokasi itaing'ang'ania nguzo na kuwaacha watoto.

Lenzi usibadilishe katikati ya vumbi. Ingia darasani, elekeza mdomo wa kamera chini, ubadilishe haraka. Ukipuliza ndani kwa mdomo, unaongeza mate juu ya vumbi.

Mhariri wangu amekasirika mara mbili kwa sababu ya kukosea majina ya wachezaji wa netiboli. Herufi za kifuani si zinatosha kuwatambua?
*Msomaji, Singida*

Hazitoshi. Kwanza, GS (mfungaji mkuu) yuko kila timu, kwa hiyo andika herufi pamoja na rangi ya sare. Pili, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, herufi ni ya nafasi, si ya mchezaji. Mchezo una robo nne, na mwalimu anaweza kumtoa binti GA (mfungaji msaidizi) akamvalisha GS robo inayofuata. Orodha uliyonakili mwanzoni inakuwa imeshakufa.

Kabla ya mchezo piga picha karatasi ya majina iliyo mezani kwa waamuzi. Kila mapumziko iulize meza nani amebadili herufi. Ukipata tukio zuri, hapohapo piga picha ya pili ya mchezaji huyohuyo, kifua na uso vikionekana, hata kama haina uzuri wowote. Hiyo ni kumbukumbu yako. Mwisho mfuate mwalimu wa michezo na kioo cha kamera: "Mwalimu, huyu ni nani?" Jina liandikwe mbele yake, herufi kwa herufi. Mwanaidi na Mwanahidi ni watu wawili, na mzazi atanunua gazeti kwa ajili ya jina hilo.

Kulia na kushoto ni kwa mtazamaji wa picha, si kwa waliopigwa. Maelezo ya kutosha ni namna hii: "Mfungaji wa Sekondari fulani, jina (kulia), akirusha mpira golini mbele ya mlinzi wa shule fulani, jina, katika nusu fainali ya netiboli ngazi ya wilaya, uwanja fulani, jana." Weka na matokeo. Na tafadhali, "wakichuana vikali" ipumzisheni kidogo.

Mahafali ya shule hufanyika chini ya turubai la bluu. Mgeni rasmi na wahitimu wote wanatoka bluu. Nikirekebisha kwenye kompyuta, mashati meupe yanageuka manjano.
*Msomaji, Morogoro*

Kompyuta inakushinda kwa sababu una mianga miwili: bluu inayopita kwenye turubai, na nyeupe inayoingia pembeni. Ukiondoa mmoja unauharibu mwingine. Dawa ni flashi ya juu ya kamera. Kamera iwe M (kila kitu unaweka mwenyewe), shata 1/200, tundu la lenzi f/5.6, ISO 400. Kasi hiyo inapunguza mwanga wa turubai, flashi ndiyo inayobaki kuchora nyuso. Usiielekeze juu ukitegemea mwanga urudi, maana utarudi na bluu ileile. Kama huna flashi, mwombe msema chochote vyeti vya washindi vitolewe ukingoni mwa turubai. Wengi hukubali ukiwaambia mapema, kabla mgeni hajaketi.

Ndani ya bwalo lenye taa za tyubu shida ni nyingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/500, picha moja inatoka angavu, inayofuata ina mkanda wa giza. Shuka 1/100, usubiri mtu atulie.

Picha inang'aa kwenye simu yangu, gazetini inatoka nyeusi na imevurugika. Nawatumia kwa WhatsApp.
*Msomaji, Kahama*

WhatsApp huibana picha. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe. Picha ya upana wa sentimita 15 gazetini inahitaji pikseli kama 1,200, hivyo ukituma yenye 2,500 unampa mhariri nafasi ya kukata pembeni. Weusi unatokana na karatasi: inanyonya wino, nukta zinatanuka. Nyanyua mwanga wa kati mpaka uso kwenye kioo uonekane umepauka kidogo, na punguza mwanga wa kioo cha simu kabla hujaamua. Wanafunzi wenye mashati meupe wakijaza fremu, kamera hudanganyika na kuwatia giza. Ongeza fidia ya mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (+2/3), hasa mawingu yakiwa meupe nyuma yao.

Mwalimu mkuu amenizuia getini. Ana haki?
*Msomaji, Tanga*

Ndani ya shule yake, ndiyo. Nenda na barua ya mhariri na kitambulisho, pitia kwa afisa elimu siku mbili tatu kabla. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na kwamba hawa ni watoto. Aliyezimia au kuumia, usimtume. Binti aliyeruka sketi ikapanda, futa, hata kama mpira umekaa vizuri.

Kurusha mkuki nisimame wapi?
*Msomaji, Babati*

Nje ya mistari miwili ya eneo unapotua mkuki, mbele kidogo ya mrushaji na upande wa mkono wake wa kurushia, ili uso usifichwe na mkono wake mwingine. Kwa watoto ongeza mita kumi zaidi ya unavyodhani panatosha, maana mkuki wa anayejifunza hauheshimu mistari. Macho yote mawili yawe wazi, na ukisikia filimbi ya mwamuzi, kamera ishuke.