Vifaranga wa Julai: ziba chini, acha juu

Msomaji wa Nzuguni, hapa Dodoma, ameniandikia wiki hii. Ana vifaranga 100 wa siku chache, jiko la mkaa linawaka usiku kucha, banda kalizungushia turubai "hadi sindano haipiti", na bado kila asubuhi anaokota waliokufa. Anauliza awape dawa gani. Ndugu yangu, weka hela ya dawa mfukoni. Ninalolishuku kwanza ni hilo turubai.

Baridi ya Dodoma yenyewe si ya kutisha. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, na kuku mkubwa mwenye manyoya kamili hajali. Mwenye shida ni kifaranga, maana hawezi kujitunzia joto mpaka aote manyoya, wiki ya 3 au ya 4. Juu ya hapo kuna upepo wetu wa mashariki na kusini-mashariki. Mfugaji anauogopa, anaziba kila tundu, kisha anaingiza jiko. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, lakini unaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Vifaranga wanasinzia, hawaamki. (Kijana wa banda naye asilale humo, tafadhali.) Wakinusurika na hiyo, kuna amonia ya kinyesi. Ukiinama usawa wao macho yakawasha, wao wameshaumia.

Basi zuia upepo kwenye usawa wa kifaranga, hewa ipite juu ya kichwa chako. Pazia la turubai au viroba vilivyoshonwa lipigiliwe misumari upande wa chini, lifunguke kutoka juu, na usiku libaki wazi kama sentimeta 30 chini ya paa. Wengi hupigilia juu na kukunja kutoka chini, hivyo upepo wote unaingia miguuni mwa vifaranga. Kama banda limelala mashariki kwenda magharibi, ukuta mfupi wa mashariki ujengwe kwa tofali tupu mpaka juu. Tofali za udongo zinafaa kabisa. Wagogo hawakujenga tembe, nyumba zao za udongo, kwa kukosa akili: ukuta mnene hunywa joto mchana na kulitoa usiku, jambo ambalo bati haliwezi.

Ndani, tengeneza bruda, yaani uzio wa kulelea vifaranga kwenye joto, iwe ya duara. Kwenye kona vifaranga hulaliana na wa chini hukosa pumzi. Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8, ukiipasua kwa urefu vipande vitatu vya sentimeta 40, inatosha duara la kipenyo cha mita 2 kwa vifaranga 100, na inabaki ya kupishanisha ili uitanue wanapokua. Chini mwaga maranda au pumba za mpunga unene wa sentimeta 5 hadi 10, makavu. Yakilowa chini ya kinyweshio, yatoe siku hiyo hiyo.

Jiko liwashwe nje mpaka moshi uishe, likae juu ya tofali katikati ya duara, lizungushiwe wavu, na maranda yasogezwe mbali nalo. Lianze kazi saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, sakafu ipate moto. Wenye umeme, angalieni balbu: za LED zinatoa mwanga, joto la kumtosha kifaranga hakuna. Na hata mwenye taa ya joto awe na jiko la akiba, umeme ukikatika.

Siku za kwanza lenga nyuzi 32 hadi 35, kipimajoto kikiwa usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakijikunyata kando ya jiko wakilia, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni wakihema midomo wazi, ni joto. Wakijibana upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili, katafute tundu. Kagua saa 10 alfajiri, si saa 3 usiku. Hapo ndipo baridi inapokolea, na mkaa uliojaza jioni umeshageuka majivu.

Kuku wakubwa waongezee nafaka jioni, mtama au mahindi yaliyoparazwa, basi.

Na kwa wenye mbuzi: mwanambuzi anayezaliwa usiku mkaushe kwa gunia mpaka manyoya yasimame, anyonye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa chache. Ukimtia kidole mdomoni ukakuta mdomo wa baridi na hanyonyi, usimmiminie maziwa. Yatampalia, au yatakaa tumboni bila kusagika. Mfunike, mweke kwenye chupa za maji ya moto zilizoviringishiwa kitambaa, na maziwa yaje mdomo ukishapata joto.