Sato wangu aliungua nje, ndani mbichi

Sato wangu wa kwanza kwenye jiko la umeme la induksheni alikuwa mweusi nje, mfupani bado ana damu. Nilikuwa nimemnunua soko la samaki la Mwaloni asubuhi ileile, mnene, wa bei yake. Nikabonyeza wati 2000, nikamimina mafuta, nikageuka kukata ndimu. Nageuka tena, moshi umejaa jikoni!

Mkaa ndio ulionidekeza. Ukiinjika kikaango kwenye mkaa unapata nafasi hata ya kumsalimia jirani. Jiko hili halina subira hiyo, kwa sababu joto linazaliwa kwenye kitako cha chombo chenyewe. Kioo kinapashwa na chombo tu. Mafuta kidogo kwenye kikaango chembamba yanapata joto la katikati ya kitako upesi mno.

Siku hizi nikikaanga samaki naanza na wati 800. Nachovya ncha ya mwiko mkavu wa mti. Vipovu vikiuzunguka, namweka samaki, napandisha hadi 1200 maana yeye mwenyewe anayapoza mafuta. Akianza kubadilika rangi narudi 1000. Kile kitufe cha nyuzi joto nimekiacha. Kipimo chake kiko chini ya kioo, kwa hiyo kikikuandikia 180, mafuta yako yanaweza kuwa yameshapita hapo zamani. Macho na pua vinanitosha.

Vya kuchemsha ni hesabu nyingine. Mwanza tuko juu, kama mita 1,140 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yakishachemka, hata uweke 2000 hayaongezeki joto. Unaongeza mvuke na kumaliza umeme wa LUKU. Wati 2000 kwa nusu saa ni uniti 1. Maharage ya masaa mawili kwa moto huo ni uniti 4. Ukishusha hadi 500 baada ya kuchemka, masaa mawili ni uniti 1 tu. Usishtuke ukiyaona yanatokota, yananyamaza, yanatokota tena. Majiko mengi ya bei yetu hayajui moto mdogo: yanawaka kwa nguvu, yanazima, yanawaka.

Ugali? Maji 2000, uji ukishika 800. Shida ni kusonga: sufuria inateleza kwenye kioo, na ukiinyanyua kidogo jiko linapiga kelele na kukata moto. Ugali wa udaga, yaani wa muhogo, ulivyo mzito, mimi bado nausongea sakafuni, kisha narudisha dakika mbili kwa 400.

Sufuria za alumini tulizorithi hazipati moto kabisa kwenye jiko hili. Nenda dukani na sumaku mfukoni. Isiponata kwenye kitako cha sufuria, acha. Na ukimaliza kupika usichomoe waya papo hapo, ngoja feni inyamaze yenyewe.