Sufu yangu haishikani. Ninunue sindano?

SWALI: Shikamoo mama. Natamani sana kutengeneza felti, kile kitambaa cha sufu iliyoshikamana bila kufumwa. Nilichukua uzi wa kufumia, nikaufumua, nikaulowesha kwa maji ya moto na sabuni, nikausugua mpaka mikono ikachoka. Haukushikana. Lebo inasema ni sufu halisi, inaoshwa kwa mashine. Ninunue sindano za felti au niendelee na maji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mikono yako haina kosa, jibu liko kwenye hiyo lebo. Unywele wa sufu una magamba madogo yaliyopandana kama vigae vya paa. Maji ya moto na sabuni huyafungua. Ukisugua, nywele husogea, magamba yakanasana, na hapo hazitoki tena. Sufu ya kuoshwa kwa mashine imeshatibiwa kiwandani: magamba yamelainishwa kwa klorini au yamefunikwa kwa utando wa plastiki, makusudi sweta isisinyae. Hata ukiisugua wiki nzima itakukatalia. Akriliki, ule uzi wa plastiki, ndiyo kabisa, haina magamba.

Kwa hiyo kabla ya sindano, tafuta sufu: isiyosokotwa, isiyotibiwa, iliyochanwa tu. Sufu ya kondoo wa merino ni laini na inafaa sana kazi ya maji. Kwa sindano mimi napenda sufu nene kidogo ambayo nywele zake zimeelekea kila upande, maana hushika upesi. Rangi nyingi za nini sasa? Nunua nyeupe ya kutosha kwa kiini, na rangi mbili za juu.

Ningekuanzisha na sindano, kwa sababu unaona umbo likikua mbele yako na unaweza kusimama popote. Sindano ya felti si ya kushonea; ubavuni ina vijino vinavyosukuma nywele ndani. Namba ikipanda, sindano ni nyembamba zaidi: 36 ya kujenga umbo, 38 ya kazi nyingi, 40 ya kumalizia uso. Weka sufu juu ya sponji nene, kamwe si juu ya paja. Choma na uchomoe kwa mstari uleule ulioingilia, ukiipinda ndani itakatika. Macho yasitoke kwenye ncha. Anayetaka kuongea nawe, weka sindano chini kwanza. Anza na mpira mdogo: kunja sufu kwa kuikaza, choma huku ukiuzungusha. Ukikaa upande mmoja utapata chapati. Ukiuminya ukawa mgumu na haubonyei, umeiva.

Maji yafuate baadaye. Tandaza tabaka nyembamba, moja kwa urefu, inayofuata kwa upana, kisha rudia. Funika kwa wavu, nyunyiza maji ya moto ya sabuni, na mwanzoni papasa tu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakisugua kwa nguvu mapema, tabaka zinahama na matundu yanabaki. Finya uso kwa vidole viwili. Nywele zikinyanyuka, bado. Zisiponyanyuka, viringisha ndani ya mkeka, ukigeuza upande kila mara, kwani kipande husinyaa kufuata upande unaoviringishwa. Kitapungua kwa theluthi hivi au zaidi, basi tandaza kikubwa kuliko unachotaka. Suuza sabuni yote itoke, maji ya mwisho yatie siki kidogo, kisha kinyooshe kwa mkono kingali kibichi, maana umbo utakalokiachia ndilo kitakalokauka nalo.